Great Zimbabwe kwa safari ya kundi: mawe nyota tano, ratiba nyota mbili

Nimechelewa kuandika hii makusudi. Kampuni waliniahidi kunirudishia sehemu ya hela, nikasema ngoja nisiwachafue watu kabla hawajatimiza neno lao, sasa mwezi wa tatu unakatika na kilichonifikia mpaka leo ni kofia. Kofia yenye nembo yao. Basi naandika. Jina lao naliacha, wao wamemwaga ugali lakini mboga mimi simwagi, ila wewe unayepanga kwenda Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe, na haya makundi ya mwisho wa mwaka soma kwanza kabla hujatuma hata senti.

Pakeji yenyewe ilikuwa ya Desemba, siku 7, watu 22. Dar mpaka Harare kwa ndege, halafu Kosta kwenda Masvingo, Bulawayo, Victoria Falls, unavuka daraja kuingia Zambia, unarudi nyumbani kwa ndege ya Lusaka. Mtanzania Zimbabwe haendi na viza kwa hiyo hapo umeshaokoa kitu. Wengi kwenye kundi walikuja kwa ajili ya maporomoko, na hakuna ubaya, hela ni zao. Mimi nilienda kwa ajili ya mawe. Ni mtu wa Kilwa, nimezaliwa Masoko, magofu ya Kisiwani nimekua nayaona ng'ambo ya maji kama mwingine anavyoona mlima nyuma ya nyumba yao, na tangu shule ya msingi tunaimbishwa kwamba utajiri wa Kilwa ulikuwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, na dhahabu ya Sofala ilitoka "bara". Bara wapi? Mwalimu anasema bara, anafuta ubao, kengele inalia. Sasa hilo bara ndilo nililotaka nikalione kwa macho yangu kabla magoti hayajakataa. Na kwenye ratiba yao, ninayo kwenye simu mpaka sasa, imeandikwa hivi: Siku ya 2, Great Zimbabwe, siku nzima. Shika hayo maneno mawili ya mwisho.

Siku ya 2 tuliambiwa tuwe lobi saa 12 asubuhi. Saa 12 tupo, mabegi yapo, Kosta haipo. Ilikuja saa 2 kasoro, halafu badala ya kutoka mjini tukapelekwa kwenye mall moja "dakika 20 tu watu wabadilishe hela", kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote kwa sababu Zimbabwe unatumia dola moja kwa moja, wana pesa yao inaitwa ZiG ilianza Aprili 2024 ila wewe mgeni utaishi na dola zako vizuri tu, cha muhimu ni kuwa na noti ndogo ndogo maana ukitoa ya 20 kununua maji muuzaji anakuangalia kama umemtukana. Chenji hakuna. Tumetoka Harare saa 3 na nusu.

Mpaka Masvingo ni kilomita kama 290, unashuka kusini kwa barabara ile ile ya malori yanayokwenda Beitbridge mpakani na Afrika Kusini. AC ilikuwa inafanya kazi upande wa dereva peke yake. Sitalalamika sana hapa, njia ilikuwa ya kijani, mvua zilishaanza, na sehemu moja tukawakuta watoto na kina mama wanauza matunda kwenye ndoo na madishi, mzee mmoja wa kundi letu, mwalimu mstaafu kutoka Songea, alikuwa amesinzia toka tumetoka, akafumbua macho akapiga kelele: "Makusu! Dereva simama, makusu!" Na kweli ni makusu, yale yale ya Songea, wao wanayaita mazhanje. Mwalimu akanunua ndoo nzima, akagawa Kosta yote, watu wanamung'unya wanatema mbegu dirishani, kwa dakika 10 hivi ile safari ilikuwa na raha kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye karatasi ya ratiba. Hizo dakika hawakuzipanga wao.

Masvingo tumefika saa 8 mchana. Mimi nikajua tunaenda moja kwa moja kwenye mawe maana ni nusu saa tu kutoka mjini. Wapi. "Lanchi imeshalipiwa wadau, tusipokula inakufa." Bufee. Chakula kilikuwa kizuri nisiseme uongo, sadza na nyama ya kuchemsha na mboga za majani zilizokaangwa na karanga, na sadza ni ugali, msitishwe na jina, ugali wa mahindi meupe laini kidogo kuliko wetu. Lakini jamani ugali nimeuacha Dar, sijapanda ndege kuufuata.

Getini tumefika saa 9 na dakika 20. Na hapo ndipo kaka kiongozi, yule aliyetoka nasi Dar, akasimama mbele kwenye mlango wa Kosta akatangaza kwamba tuna saa moja na nusu, saa 11 kamili tunaondoka, kwa sababu usiku ule tunalala Bulawayo, kilomita nyingine kama 280. Siku nzima imekuwa saa moja na nusu. Nikamuuliza kaka, ratiba inasema siku nzima, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Dada, siku nzima maana yake ni pamoja na usafiri." Sikuwa na la kusema. Nilimpa pole moyoni aliyemfundisha kuhesabu.

Lakini subiri, bado. Kwa kuwa kampuni haikulipia mwongozaji wa pale pale, yule kaka ndiye aliyetakiwa atuelezee. Akatukusanya chini ya mti karibu na maegesho, akaanza. Na alichotuambia, nanukuu kwa kadiri ninavyokumbuka, ni kwamba haya majengo yalijengwa na Malkia wa Sheba, au Wafoinike, wale watu wa kale wa Lebanoni, kwa ajili ya kuhifadhi dhahabu ya Mfalme Sulemani. Wengine wakatikisa kichwa, wengine wakapiga picha. Mwalimu wa Songea akakohoa. Mimi nikauliza nani kasema, akasema "hii historia inajulikana".

Pembeni kulikuwa na mama mmoja, mwongozaji wa pale kwenye kituo, mtu mzima, amevaa kofia ya majani na raba zilizochoka, anasubiri wateja wake. Kiswahili hajui, ila "Sheba" na "Sulemani" ameyasikia, na akacheka, siyo kicheko cha dharau, kile cha mtu aliyesikia wimbo wa zamani ambao hakutegemea kuusikia tena. Akatufuata akasema kwa Kiingereza, hiyo hadithi sisi tuliizika mwaka 1980, nyie mmeitoa wapi?

Tukachanga. Tulikuwa 7: mimi, Mwalimu, mke na mume kutoka Mombasa waliojiunga na kundi letu Dar, na vijana watatu. Kila mtu dola zake chache, mama akakubali. Kiongozi wetu akanuna akasema hiyo ni nje ya pakeji na muda ni ule ule. Waliobaki 15 walienda naye kwenye boma kubwa la chini, wakapiga picha, wakarudi kukaa kwenye kivuli. Hao ukiwauliza Great Zimbabwe ikoje watakwambia ni ukuta. Na siwalaumu, ndicho walichoonyeshwa.

Mama aliangalia mawingu akasema tuanze na mlima, mvua ikija mawe yanateleza. Kuna njia zaidi ya moja za kupanda, yeye akatupitisha ile ya kale, na hapa mwenye magoti mabovu anisikilize: ni ngazi za mawe, kali, na kuna sehemu njia inabanwa katikati ya miamba miwili mpaka mnapita mmoja mmoja, mwili unagusa huku na huku. Mama anasema ndiyo ilikuwa maana yake, anayekwenda kwa mfalme anafika akiwa peke yake, amechoka, na ameinama. Mimi nilifika nikiwa na vyote vitatu. Mwalimu ana miaka 68 na alinipita.

Juu sasa. Sijui niseme vipi. Waliojenga hawakuuondoa mlima wapate kujenga, wameujumuisha. Jabali kubwa kama nyumba ya ghorofa limekaa pale tangu dunia iumbwe, wao wamechukua ukuta wakauleta mpaka shavuni kwake na kuushonea hapo, upande wa pili ukuta unaendelea kana kwamba jabali ni fundi mwenzao. Tukafika kwenye boma la mashariki, ambako ndege wengi wa mawe walikutwa, halafu mama akatupeleka ukingoni tukaangalia chini: bonde lote, na lile boma kubwa la duara limekaa kwenye majani mabichi kama bangili iliyomponyoka mtu. Vijana wakanyamaza, na wale vijana walikuwa hawajanyamaza toka Dar. Mama anasema kuna pango pale juu ambalo mtu akiongea akiwa ndani sauti inasikika mpaka bondeni, na kwamba wafalme waliitana na watu wa chini hivyo. Hatukujaribu, chini kule alikuwepo kiongozi wetu, tukiita tu angesema muda umeisha.

Wakati tunapumua, mume wa yule dada wa Mombasa akawasalimia vijana wawili wa Kizimbabwe waliokuwa wanapita, "Mambo vipi!" Wakaangaliana, wakacheka, mmoja akainama kama anapiga magoti. Kumbe Kishona mambo ni mfalme. Jamaa amesimama kwenye kilele cha ikulu ya watu anauliza mfalme vipi. Hapo mama ndiyo akapata moto, akaanza kutufungulia maneno: nyama ni nyama, moto ni moto, mti ni muti, maji ni mvura, ambayo kwetu imebaki kuwa ya kutoka mbinguni. Na jina lenyewe la nchi, anasema, wataalamu wengi wanalitoa kwenye dzimba dza mabwe. Litamke polepole. Dzimba, nyumba. Mabwe, mawe. Nyumba za mawe! Mtu wa Kilwa umesafiri siku mbili kuja kutafsiriwa neno ambalo bibi yako angelielewa bila kutafsiriwa. Lile boma kubwa wanaliita Imba Huru, nyumba kuu, hata hapo huhitaji kamusi.

Ndipo akatuuliza tumetokea wapi wapi. Songea, Mombasa, Dar, mimi nikasema Kilwa. Akasimama. "Kilwa ya sarafu?" Ikabidi anieleze mimi habari za kwetu: hapo Great Zimbabwe iliokotwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, yule yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa ambako sisi tulikuwa tunaenda kwa matembezi ya shule tunacheza kujificha. Sarafu ya kwetu, imetengenezwa kisiwani kwetu, imeokotwa kilomita kama 1,500 kutoka baharini kwetu. Hapo hapo Great Zimbabwe vilikutwa pia vigae vya China, bakuli la Uajemi, shanga za kioo kwa maelfu. Vitu vya meli. Vyote hivyo vimepita Sofala na watu wetu wamevishika kabla havijafika pale, na kurudi ikarudi dhahabu na pembe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika habari za dhahabu inayoletwa Sofala kutoka bara. Lile bara la ubao wa mwalimu wangu, jamani, nilikuwa nimelikalia.

Niliomba dakika moja peke yangu. Nikapewa, ila honi ya Kosta nayo ikalia huko chini.

Tukashuka mbio mbio mpaka Imba Huru. Picha zote ulizoona zinadanganya kuhusu ukubwa. Ukuta wa nje unafika mita 11 kwenda juu, mzunguko wake kama mita 250, na chini kuna mahali una unene wa mita 5, yaani chumba changu cha kulala kinaingia ndani ya ukuta na kitanda chake. Na hakuna chokaa. Narudia kwa faida ya watu wa pwani: hakuna chokaa, hakuna udongo wa kugandishia, ni tofali la granite juu ya tofali la granite, limechongwa, limepangwa, basi. Sisi kwetu ni matumbawe na chokaa, mama yangu mpaka leo akiona ukuta kitu cha kwanza anaugusa aone chokaa yake imeshika vipi. Nikagusa kwa niaba yake. Unapitisha kiganja, mawe ya chini yamekaa ovyo kidogo, kadiri ukuta unavyoendelea kuzunguka yanazidi kunyooka mpaka unafika upande wa mnara mistari imelala kama imepigwa kamba, na juu kabisa kuna urembo wa mawe yaliyopangwa kwa mshazari, herufi V zimefuatana, kama pindo la kanga. Mwongozaji anasema mawe haya mlima unayamenya wenyewe kwa jua na baridi, na walipotaka kuharakisha waliwasha moto juu ya mwamba kisha wakamwagia maji.

Kuna uchochoro kati ya kuta mbili, mwembamba, mrefu, mnapita mmoja mmoja mbingu imekuwa utepe huko juu. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe mtajisikia nyumbani. Unatokea kwenye mnara, mita kama 10, umevimba chini umechongoka juu kama ghala la nafaka, na ndani hakuna kitu, umejaa mawe matupu. Watu wamechimba chini yake kutafuta hazina wakatoka na vumbi. Kuhusu nani aliishi mle, mama alinifurahisha kwa sababu hakutuuzia jibu moja: wengine wanasema wake za mfalme, wengine wanasema mahali pa kufundia vijana, wengine wanasema palikuwa pa mfalme mmoja wapo, na wasomi bado wanabishana. Alisema "bado wanabishana" na akaendelea. Mwongozaji anayekuambia hivyo mlipe mara mbili.

Na Sheba? Tulimuuliza, maana ilikuwa inatuwasha. Alikaa kwenye jiwe akatusimulia, mawingu yameshakuwa meusi. Mwaka 1871 alikuja Mjerumani mmoja, Carl Mauch, akakata kipande cha boriti ya mlangoni, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana harufu na rangi, penseli ni mwerezi, kwa hiyo hii ni mierezi ya Lebanoni, kwa hiyo Wafoinike, kwa hiyo Malkia wa Sheba. Kwa penseli! Kumbe ni mti wa huko huko porini. Baadaye wakoloni wa Cecil Rhodes, Mwingereza aliyeiteka nchi, wakaipenda hiyo hadithi kwa sababu ilikuwa inawasaidia, kama Mwafrika hakujenga basi nchi haikuwa yake. Kati ya 1902 na 1904 Richard Hall akapewa kazi ya kutunza mahali, yeye akaona kazi ni kufagia "uchafu wa Waafrika" ili aufikie ujenzi wa watu wake wa Sheba, akatupa udongo wa kina kikubwa ambao ndani yake ndiyo kulikuwa na maisha ya wenye mji. Mwaka 1905 akaja mtaalamu wa mambo ya kale, David Randall-MacIver, akasema jamani hii ni kazi ya Waafrika na siyo ya zamani hivyo. Hawakutaka. 1929 akaja mwanamke, Gertrude Caton-Thompson, akachimba mahali ambapo hapajaguswa akasema vile vile. Hawakutaka. Serikali ya Rhodesia, ndilo jina la nchi wakati wa walowezi, ikaendelea kubana vitabu vya watalii visiseme ukweli, Peter Garlake aliyekuwa anasimamia mambo ya kale akaondoka nchini 1970. Mji wenyewe ulijengwa na mababu wa Washona kuanzia karne ya 11, ukakua, ukapungua kwenye karne ya 15. Ndiyo maana uhuru ulipokuja 1980 nchi ikachukua jina la mawe.

Sasa fikiria haya yote, halafu kijana wa Kitanzania mwenye fulana ya kampuni anasimama chini ya mti anawaambia Waafrika 22 waliolipa hela yao kwamba ni Malkia wa Sheba. Simchukii, nafikiri alisoma ukurasa wa kwanza alioukuta kwenye simu akiwa kwenye Kosta. Lakini hili ndilo limenikera kuliko AC na kuliko lanchi.

Makumbusho tulipewa dakika 10 na tulizipata kwa kubembeleza. Nenda moja kwa moja kwenye chumba cha ndege wa mawe, taa hafifu, wamesimama kwenye nguzo zao za jiwe laini la sabuni, wako kati ya tai na binadamu maana wengine wana midomo ya mtu na vidole. Waliokutwa ni 8. Ndiye huyo aliye kwenye bendera. Watu wanabishana ni hungwe, yaani furukombe, au chapungu, na chapungu kwa sisi ni pungu, tai pungu yule yule, tena neno limekaa vile vile. Mmoja alinunuliwa na Rhodes akamweka nyumbani kwake Cape Town, wengine wanne Afrika Kusini iliwarudisha 1981, na kipande cha nguzo kilichokuwa kimefika Ujerumani kikarudi 2003. Nilitaka kusoma vibao vyote. Nikasoma viwili.

Mvua ikashuka tukiwa tunakimbia kwenye Kosta, ile mvua ya matone ya ukubwa wa kunde. Tumeingia saa 11 na dakika 45. Niseme ukweli wote: tuliwachelewesha wenzetu dakika 45, dada wawili wa Moshi walinuna mpaka Bulawayo na walikuwa na haki, wao hawakuchagua ugomvi wetu na ratiba. Mwalimu aliwapelekea makusu yaliyobaki wakayakataa. Bulawayo tumefika saa 5 na kitu usiku, barabara mbichi, dereva mtu wa huko huko Zimbabwe anaendesha kama amebeba mayai, huyo nyota tano bila mjadala, na ndiye pekee aliyeniuliza kama nimeona nilichokuja kuona.

Maporomoko yapo, ni makubwa, utalowa, Desemba maji hayajajaa sana lakini yanatosha. Huko walitupa siku mbili.

Kwa anayetaka kwenda, sikiliza. Ukienda na kundi, kabla ya kulipa waulize mambo mawili tu na uwaambie wajibu kwa maandishi: saa ngapi mnafika getini na saa ngapi mnatoka, siyo siku nzima, saa, na je, mwongozaji wa pale kituoni ameshalipiwa. Wakianza kusema kiongozi wetu ni mzoefu, kimbia. Ukiweza kulala Masvingo lala, mlima uupande asubuhi kabla ya jua, chini uende mchana, makumbusho mwishoni bila mtu kukupigia honi. Raba zenye meno, maji, koti la mvua kama ni Desemba, noti za dola moja. Wazee wapande taratibu kwa njia ile nyingine isiyo kali. Na usisalimie watu mambo.

Kuhusu hela. Niliwaandikia tuliporudi, nikaambatanisha ratiba yao na picha zangu zenye saa, nikaomba tu sehemu ya siku ya 2. Wakajibu kwa heshima sana, "dada yetu mpendwa", watalishughulikia ndani ya wiki mbili. Baada ya wiki tano wakaniambia uongozi umepokea maoni yangu na wanaandaa zawadi maalum. Ikaja kwa bodaboda, bahasha nene nikadhani vocha. Kofia. Nimempa mlinzi wa getini kwetu, imemkaa vizuri.